Slaidi ya bastola ya marehemu baba mkwe imeliwa na jasho, nairudishia bluu mwenyewe nyumbani

Mtanga_Houston

Wakuu, salaam kwenu.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka juzi, na bastola yake ikaja kwangu. Ni Browning Hi-Power iliyotengenezwa na FN pale Herstal, Ubelgiji, miaka ya 1970. Ubavuni mwa slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, bado pameandikwa Morgan, Utah na Montreal, maana hizi ndizo zilizoletwa kuuzwa Marekani na Kanada kwa jina la Browning. Mzee alikuwa mfugaji huku kusini mwa Texas. Aliivaa kiunoni miaka zaidi ya thelathini, kwenye ala ya ngozi, jua na mvua.

Sasa muione hali yake. Aliivaa kulia, kwa hiyo ubavu wa kushoto ndio uliokuwa ukigusa mwili, na huko jasho limekula chuma mpaka kuna vishimo vidogo vidogo, vingine vimefika usawa wa maandishi. Kingo za mbele, pale inapoingia na kutoka kwenye ala, bluu imekwisha kabisa na chuma kimebaki cheupe. Halafu baada ya yeye kuugua, ilikaa miezi ndani ya ileile ala kabatini. Msije mkafanya hivyo. Ngozi inafyonza unyevu na ina chumvi za kutengenezea ngozi. Humo ndani bastola inaoza kimyakimya.

Kabla sijagusa chochote nilimuuliza mke wangu. Alinyamaza sana, kisha akasema: "Usiifanye ionekane imetoka dukani. Baba hakuwa nayo hivyo." Hilo ndilo limeongoza kazi yote.

Kwa wasiojua, hiyo bluu, ile rangi nyeusi yenye kusinzia kwenye samawati, si rangi ya kupaka. Ni kutu. Kuna kutu nyekundu inayokula chuma, na kuna kutu nyeusi, magnetaiti, Fe3O4, ambayo inashikamana na chuma na kukaa na mafuta vizuri. Kupiga bluu kwa namna yoyote ile ni kukilazimisha chuma kivae hiyo nyeusi. Ziko njia tatu. Bluu ya moto ndiyo ya viwandani: chuma kinachemshwa kwenye kostiki soda na naitreti kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Bluu ya baridi ni ile ya chupa, unapaka na kufuta. Na bluu ya kutu ni ya kizamani: unakiacha chuma kishike kutu nyekundu nyembamba, unakichemsha kwenye maji matupu, nyekundu inageuka nyeusi, unasugua, unarudia.

Nimechagua ya tatu. Kostiki soda inayochemka siitaki kwenye nyumba yenye watoto; tone moja la maji likiingia vibaya linarusha ule mchanganyiko usoni. Bluu ya kutu inataka sufuria, maji na subira tu. Na Houston wakati wa kiangazi, gereji yangu ina joto na unyevu kama Tanga mwezi wa tatu. Kwa kazi hii hali ya hewa hiyo ni mali.

Nitaleta kila hatua. Mwenye ujuzi anirekebishe mapema, kabla sijaharibu.

Kisauni_Fundi

Pole kwa msiba mkuu, na hongera kwa kumuuliza shemeji kwanza. Swali: je, umehakikisha thamani yake? Hizi za Ubelgiji wapo watu wanaozikusanya, na ukishaondoa bluu ya kiwandani hairudi tena. Chuma kinavalishwa na kiwanda mara moja tu.

Mtanga_Houston

Swali la msingi sana, asante. Kama ingekuwa imechoka kingo tu, nisingeigusa. Ningeifuta, ningeipaka mafuta na kuiacha na alama zake. Tatizo ni kwamba kutu ya ubavuni bado iko hai. Nikifuta leo, baada ya wiki kitambaa kinatoka na wekundu. Tena kuna mtu zamani alishaipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia upande wa juu, kingo zimelainika. Kwa mkusanyaji ilishapoteza. Kwetu sisi haina bei.

Kip_Rongai

Mkuu mbona usinunue tu ile chupa ya bluu ya baridi? Dakika kumi umemaliza. Hiyo ya kuchemsha naona ni kujitesa.

Mtanga_Houston

Nilianza nayo ndugu yangu, kwenye kipande cha chuma cha majaribio. Ilitoka nyeusi nzuri. Nikaisugua na mfuko wa suruali kwa siku tatu, ikafifia mpaka kahawia. Sababu ni kwamba ile si magnetaiti. Chupa nyingi za aina hiyo zina asidi ya seleniamu pamoja na chumvi ya shaba, na kinachobaki juu ya chuma ni utando mwembamba wa vitu hivyo viwili. Inafaa kuficha mkwaruzo au kichwa cha skrubu. Slaidi nzima inayosuguana na ala haiwezi kuishi nayo. Pia seleniamu ni sumu, kwa hiyo ukiitumia vaa glavu na ufungue madirisha.

Mzee_Karakana

Nimefanya kazi karakana ya reli miaka mingi, upande wa vyuma vya mashine. Mwanangu, nakuunga mkono. Nina mambo mawili.

La kwanza, msasa usiushike kwa vidole. Kidole ni laini, kinazama, na mwisho wa siku utakuta umechimba bonde katikati ya ubavu na kuziviringa kingo. Ufunge kwenye kipande cha mbao ngumu au jiwe la kunolea lililonyooka, uende kwa urefu wa slaidi, upande mmoja kwenda na kurudi. Kazi mbaya huonekana kwenye kingo na kwenye matundu ya pini. Tundu likishakuwa na mdomo uliolegea kama sahani, hakuna dawa.

La pili, vishimo usivifukuze. Ukitaka kuvimaliza vyote utakula chuma kingi na maandishi yatakwenda navyo.

Mtanga_Houston

Shikamoo mzee. Nimeshika yote mawili. Ningekuwa nimeshaanza na vidole.

Tabora_Boy

Wakuu, marehemu babu alikuwa mhunzi. Majembe na mapanga aliyapasha moto mpaka yanabadilika rangi, anayatumbukiza kwenye oili chafu, yanatoka meusi tii na hayashiki kutu. Oili chafu ipo kila gereji. Kwa nini isitumike hapa?

Mzee_Karakana

Babu yako alikuwa sahihi kwa jembe. Bastola ni habari nyingine. Slaidi imeshapikwa kiwandani: imepashwa, imezimwa, ikapashwa tena kwa kipimo ili iwe ngumu bila kuwa mkavu wa kupasuka. Ukiipeleka tena kwenye moto wa mhunzi usio na kipimo unafuta ile kazi. Inalainika mahali pasipotakiwa, au inapinda. Na hiyo slaidi ndiyo inayozuia ganda la risasi lisikurudie usoni. Joto la maji yanayochemka, nyuzi 100, halifiki popote karibu na joto la kuharibu pishi lake. Ndiyo maana njia ya huyu kijana ni salama kwa chuma.

Mtanga_Houston

Asante mzee, sikuwa na maneno ya kulieleza vizuri hivyo. Tabora_Boy, hata mimi nimekulia kuona mapanga yakichovywa oili, na harufu yake naikumbuka mpaka leo.

Haya, siku ya kwanza: kufungua.

Magazini nje. Slaidi nyuma. Angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, kisha ingiza kidole cha mwisho, kisha angalia tena. Risasi zote ziko chumba kingine, zimefungwa, na hilo halina mjadala. Kwenye Hi-Power unarudisha slaidi nyuma, unapandisha kifunga usalama kiingie kwenye notchi yake, kisha unasukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia kwenda kushoto. Slaidi inatoka kwa mbele. Springi kubwa na mtutu vinatoka kwa chini.

Sindano ya kufyatulia ndiyo yenye hila. Imeshikwa na kibati kidogo nyuma ya slaidi. Unaisukuma sindano ndani kwa ncha, unatelezesha kibati chini, na springi iko nyuma yake inasubiri. Vaa miwani na ufunike kwa kitambaa. Yangu iliruka ikagonga mlango wa gereji. Baada ya hapo nikatoa kucha ya kuvutia maganda, na kilengeo cha nyuma nikakigonga pembeni kwa ufito wa brasi, slaidi ikiwa kwenye jiliwa lenye mbao pande zote mbili.

Namba ya usajili iko kwenye fremu, ule mwili wa chini wenye mshiko, na fremu sikuigusa kabisa. Popote utakapokuta namba, iwe fremu, mtutu au slaidi, msasa usipite. Hapa Marekani kufuta au kubadilisha namba ya silaha ni kosa la jinai la shirikisho, na hata kukwangua bila kukusudia kutakuweka mahali pabaya. Mihuri ya ukaguzi ya Liège, ile iliyogongwa kule Ubelgiji, nayo nimeizungushia mpaka wangu, sikuisugua.

Mwana_Goma

Ndugu, mimi niko Dallas, niko na Glock 19 imechubuka kingo za mbele, imekuwa kijivu. Naweza kufanya hii ya kutu?

Mtanga_Houston

Hapana kaka, na habari njema ni kwamba huna haja. Slaidi ya Glock imetiwa naitrojeni ndani ya ngozi ya chuma chenyewe. Kile cheusi kinachochubuka ni koti la juu tu. Ule ugumu na kinga dhidi ya kutu bado vimo kwenye kijivu unachokiona. Ukiipiga msasa unaondoa kitu bora kuliko utakachokirudisha. Kama sura inakusumbua, mpelekee mtu wa Cerakote mwenye leseni. Ile ni rangi ya kauri inayopulizwa juu ya chuma kilichopigwa mchanga, kisha inaokwa nyuzi 121 kwa saa mbili. Ukiamua kufanya mwenyewe, oveni isiwe ya kupikia chakula. Na kama vilengeo vyako vinawaka gizani kwa tritiamu, vitoe kwanza.

Mtanga_Houston

Siku ya pili na ya tatu. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo mnivumilie.

Kabla ya msasa wowote niliichemsha slaidi tupu dakika ishirini kwenye maji yaliyovukizwa, yale ya galoni ya dukani. Maji ya bomba yana chokaa na klorini, yanaacha madoa. Lengo lilikuwa ile kutu hai ndani ya vishimo igeuke nyeusi kabla sijaanza kusugua. Na iligeuka. Niliitoa, wekundu wote umekuwa unga mweusi. Nikausugua kwa stiliwaya laini kabisa, ile ya sifuri nne. Stiliwaya huja na mafuta kiwandani ili isishike kutu, kwa hiyo ioshwe kwa asetoni kwanza, la sivyo unapaka mafuta upya kila unaposugua.

Kisha siki nyeupe. Kitambaa kilicholowa kikazungushiwa slaidi dakika ishirini, bluu ya zamani ikatoka kama chai. Nikasuuza kwa maji yenye magadi soda kuua asidi. Springi na sindano hazikukaribia siki, maana asidi inaweza kuvifanya vyuma vidogo vigumu viwe vikavu na vivunjike.

Halafu msasa namba 320 kwenye mbao, kwa urefu, nikamalizia 400. Nilisimama hapo. Ukiendelea mpaka king'ae kama kioo, kutu inakosa pa kushika. Vishimo vikubwa nimeviacha, mzee Karakana. Maandishi yote yanasomeka.

Nikaiosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki, nikaipitisha asetoni mara tatu, na kuanzia hapo glavu mpya kila mara. Alama ya kidole kwenye chuma kitupu itaonekana mpaka mwisho.

Dawa niliyotumia ni ya Laurel Mountain Forge, watu huitumia kuipa kahawia mitutu ya bunduki za kizamani. Ukiichemsha, kahawia inageuka nyeusi. Unapaka kwa pamba iliyokamuliwa karibu ikauke, mkono mmoja kutoka nyuma kwenda mbele, hurudi nyuma. Ikichuruzika inatengeneza rangi ya shaba na hapo unafuta kila kitu. Nikaitundika kwa waya ndani ya kasha la plastiki lenye bakuli la maji ya moto.

Baada ya saa tatu na nusu ilikuwa na vumbi la chungwa, sawasawa kote, laini kama unga wa manjano. Nikaichemsha dakika ishirini. Wakuu, nilimwita mke wangu aje kuona. Lile chungwa linageuka jeusi mbele ya macho yako, kama mahameli. Ukisugua kwa stiliwaya, ule unga unatoka na chini yake kuna kijivu chepesi. Hiyo ni tabaka moja.

Kip_Rongai

Sasa hapo umenishika. Matabaka mangapi?

Mtanga_Houston

Saba kwangu. Ila ya pili iliniumiza. Niliipaka jioni, nikalala, nikaiacha saa kumi na nne. Kwa unyevu wa hapa hiyo ni kupita kiasi. Kutu ilikuwa nene, yenye chembe, na ilianza kung'ata. Baada ya kuchemsha na kusugua palibaki mabaka makavu upande wa kulia, upande uliokuwa mzuri! Niliumia kweli, maana ule ndio ubavu ambao jasho la mzee halikuugusa, na mimi nimeugusa. Nikarudi na msasa 400 upande ule, nikaanza upya. Tangu hapo naikagua kila baada ya saa moja.

La pili: tabaka la tatu lilitoka na mchirizi mtupu kuanzia kwenye mfereji wa kilengeo cha nyuma. Mafuta ya miaka thelathini yalikuwa yamejificha humo, yakayeyuka kwenye maji ya moto na kuteremka. Dawa ni kuchemsha slaidi kwenye maji ya sabuni kabla ya kitu kingine chochote, kisha asetoni kwa sindano ya bomba kila tundu.

Kisauni_Fundi

Na ndani ya slaidi? Zile reli zinazoteleza kwenye fremu, na uso unaokaa nyuma ya risasi?

Mtanga_Houston

Sikupaka dawa huko. Reli na uso wa nyuma wa chemba zina vipimo, na bluu ya kutu inakula chuma kidogo sana kila tabaka. Mvuke ulizishikisha kutu nyepesi, ikachemka pamoja na nyingine, nikaisugua kwa mswaki. Zimekuwa kijivu cha moshi. Slaidi inateleza kama zamani.

Kip_Rongai

Wakuu, kwa sisi tuliopo nyumbani inakuwaje? Nina leseni halali na bastola yangu imechoka hivihivi.

Kisauni_Fundi

Hapa Kenya silaha iko chini ya Firearms Act, Sura ya 114, na kukarabati ni biashara ya wauzaji waliosajiliwa. Ipeleke kwao, upate karatasi. Tanzania nao wana sheria yao ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Mtu asije akachukua uzi huu wa Texas akakutwa na slaidi inachemka jikoni Rongai.

Mtanga_Houston

Naafiki kabisa. Na hata huku kuna mpaka: silaha yako mwenyewe unaweza kuishughulikia, lakini ukianza kufanyia watu wengine kama biashara unahitaji leseni ya shirikisho. Kuna wawili wameniandikia faragha wakitaka wanitumie zao. Samahanini ndugu zangu, siwezi kupokea.

Tabora_Boy

Mkuu umepotea wiki nzima. Vipi imeisha?

Mtanga_Houston

Imeisha. Baada ya tabaka la saba rangi haikubadilika tena, nikajua chuma kimeshiba. Nikaichemsha mara ya mwisho, nikaitia kwenye maji ya magadi soda kuizima dawa, maana ikibaki hai kwenye pembe itaendelea kutengeneza kutu chini kwa chini. Ikiwa bado ya moto nikaizamisha kwenye mafuta usiku kucha. Asubuhi nikaifuta.

Si ule weusi wa kung'aa wa kiwandani. Ni weusi uliotulia, ukiielekeza dirishani unaona samawati kwa mbali. Vishimo vya ubavu wa kushoto bado vipo, ila sasa ni vyeusi, havitoi wekundu. Nimepitisha kitambaa cheupe kila siku kwa siku tisa na kimetoka cheupe.

Sindano, kucha na springi vimerudi. Nimejaribu kwa risasi bandia, kisha nikaenda uwanja wa shabaha na kupiga magazini mbili za risasi kumi na tatu. Maganda yote yametoka vizuri.

Ile ala ya ngozi mke wangu ameiweka na kofia ya baba yake. Bastola inakaa kwenye sefu, kwenye soksi yenye silikoni, na pakiti ya kukaushia hewa pembeni.

Mzee_Karakana

Umefanya vizuri mwanangu. Na zile kingo za mbele, zilizokuwa nyeupe? Nazo umezivalisha?

Mtanga_Houston

Nilizivalisha, mzee. Nikamwonyesha mwenye baba. Akaishika muda mrefu, akapitisha kidole gumba pale mbele, akaniambia pale hapakuwa hivyo. Nikachukua stiliwaya na mafuta, nikasugua pembe ya mbele upande wa kushoto taratibu, yeye akiwa ameketi pembeni ananielekeza, mpaka chuma kikaanza kuonekana. Akasema hapohapo, acha.